Hiyo alumini unayofunga ndiyo inaua monsta traki yako

Nianze na kitu kitaudhi watu. Monsta traki nyingi za remoti ambazo nimeona zikifa hapa Nyeri hazikuuawa na mawe, wala matope, wala dereva. Ziliuawa na "maboresho".

Hadithi ni ile ile. Msee ananunua gari ikiwa sawa. Anaiendesha wiki mbili, anavunja mkono mmoja wa mbele wa plastiki, anaingia mtandaoni kulia, na watu kumi wanamjibu kwa sauti moja: weka alumini. Anaweka alumini. Wiki ya tatu imepasuka chesisi. Gari inaingia kwa katoni, katoni inaingia chini ya kitanda, na hobi imeisha hapo. Kwa heshima zote, wasee, huo ushauri ni mbaya, na wengi mnaoutoa hamjawahi kufungua difu hata siku moja.

Sikilizeni venye inafanya kazi. Gari ya kilo mbili na kitu ikigonga ukingo wa barabara ikiwa mbio, ile nguvu lazima iende mahali. Haipotei kwa sababu umelipia kipuri cha kung'aa. Mkono wa plastiki nzuri, na hapa naongelea nailoni, unapinda kidogo, unameza sehemu ya pigo, kisha unarudi kama ulivyokuwa. Ukivunjika, umevunjika wewe ukijua, unafungua pini moja na bolti mbili unaweka mwingine. Mkono wa alumini una njia mbili tu. Ama unasimama imara na kupeleka pigo lote ndani, penye pini inashikilia, kwenye nyumba ya difu na chesisi. Ama unapinda na kubaki umepinda, gurudumu linatazama shambani na gari inavuta kushoto mpaka mwisho wa dunia. Hujaongeza uimara hapo. Umehamisha tu mahali pa kuvunjikia, na umepahamishia kwenye kipuri cha bei ghali kuliko vyote.

Kila monsta traki itavunjika. Hiyo si mjadala. Swali ni ivunjike wapi, na hili swali mtu wa Nyeri, Karatina au Nanyuki anafaa kulijibu tofauti kabisa na jamaa wa Texas unayemtazama kwenye video. Yule akivunja, anaendesha dakika ishirini mpaka dukani, penye ukuta mzima umejaa vipuri. Wewe ukivunja nyumba ya difu unaagiza ng'ambo, unangoja wiki nne, sita, wakati mwingine parseli inakaa Nairobi ikitafuta mtu wa kuilipia ushuru. Kwa hivyo huku kwetu gari imara ni ile inavunjika kitu ambacho unaweza kutengeneza Jumamosi hiyo hiyo, hata kama si ngumu kuliko zote.

Na msiniambie ati hii ni nadharia. Enda uulize dereva yeyote wa trekta huko Mweiga akuonyeshe ile bolti moja kwenye shafti inayozungusha mashine ya nyuma. Hiyo bolti imewekwa ikatike. Mashine ikigonga jiwe au kisiki, bolti inakatika, dereva anashuka, anaweka nyingine ya pesa kidogo, kazi inaendelea. Mjinga ndiye anakuja na wazo la kuweka bolti ngumu zaidi "isisumbue", halafu siku jiwe likikuja inakatika giaboksi. Hivyo ndivyo mnafanya na hizi gari zenu, na mnalipia.

Hata wenyewe waliobuni hii mambo walijifunza kwa kuvunja. Monsta traki ya kwanza kupata jina, Bigfoot, ilikuwa pikapu ya Ford F-250 ya 1974 ya Bob Chandler wa St. Louis huko Marekani. Jina lilitokana na utani wa mwenzake kazini, kwamba mguu wake mkubwa kwenye mafuta ndio unavunja gari kila saa. Chandler alikuwa akivunja ekseli anaweka kubwa zaidi, tairi kubwa zaidi, chuma zaidi, na 1981 akapanda juu ya magari makuukuu akayaponda. Miaka hiyo gari zilizidi kuwa nzito tu, zikitua kama gunia la viazi. Lakini 1989 ilipotoka Bigfoot 8, ilikuwa na fremu ya mabomba na sasipensheni ndefu yenye nafasi ya kumeza pigo. Walioanza kwa kurundika chuma ndio wenyewe waligundua kwamba dawa ilikuwa kupunguza uzito na kuacha magurudumu yafanye kazi. Wewe na gari yako ya 1/10 unataka kurudi walikotoka.

Sasa tuongee kushika njia, kwa sababu nusu ya hizo ajali zenu si udhaifu wa gari. Gari inapinduka kwenye kona, inaanguka na kichwa, bodi inapasuka, mnara wa shoki unakatika, halafu mnasema plastiki mbaya. Kwani gari iliyopinduka ilikuwa inafanya nini ikipinduka? Monsta traki kwa maumbile iko juu, ina tairi kubwa, na ina betri nzito penye mtengenezaji alipata nafasi. Stampede ile ya kusukumwa na magurudumu mawili ya nyuma, ambayo wengi wetu tulianza nayo, ukikanyaga inasimama kwa matako kabla hujafika popote.

Fanya hili jaribio, halina gharama. Weka gari kwa ubao ikiwa imelala ubavu kwa mteremko. Inua ubao upande mmoja polepole mpaka magurudumu ya juu yaanze kuachana na ubao. Pima hiyo pembe kwa simu, kuna programu za bure. Andika. Halafu anza kuhangaika: shusha betri hata sentimita moja kama trei inaruhusu, toa ile bodi nzito uliyoipaka rangi safu tano na kubandika taa, shusha springi kidogo, weka rimu zinazosukuma tairi nje. Pima tena. Ukiona pembe imepanda, hiyo ndiyo kona utakayopita bila kupinduka, na umeipata bila kutuma pesa China. Sijaona mtu hata mmoja wa timu alumini akipima hii kitu. Wanapima urefu wa kuruka tu.

Shoki nazo. Gari nyingi za bei ya chini zinakuja na mafuta kidogo sana ndani, zingine kavu kabisa, springi tupu. Inaruka ruka kwa murram kama mbuzi. Idondoshe kutoka urefu wa goti juu ya zege. Inafaa ishuke, tumbo likaribie kugusa, itulie mara moja. Ikiruka tena juu, mafuta ni mepesi. Ikigonga tumbo kwa kishindo, ongeza uzito wa mafuta, na kama bado, weka springi ngumu zaidi. Tumia mafuta ya silikoni ya shoki. Najua kuna mtu atasema weka mafuta ya boda, na mimi namwambia hapana: mafuta ya petroli yanafurisha zile raba ndogo na baada ya wiki mbili shoki inalia machozi. Silikoni chupa moja inakaa mwaka. Kwa kipuri cha kununua, anza na hiki.

Difu pia wengi hamgusi. Ikitoka kiwandani na grisi nyepesi, ukiingia kona gurudumu la ndani linaelea na nguvu yote inakimbilia huko, linazunguka hewani huku lile lenye mzigo limelala. Fungua, osha, jaza silikoni nzito. Mimi kwa 4WD yangu natumia 10,000 mbele na 5,000 nyuma, na kwa udongo wetu mwekundu ukiwa mkavu inatosha. Matope ya mvua ya Aprili ni habari nyingine, na ule udongo mweusi wa kuelekea Naro Moru ni habari ya tatu. Huo hata trekta unaukataa.

Nguvu sasa. Hapa ndipo nitagombana na rafiki zangu wenyewe. Mtu ana gari ya seli mbili, volti 7.4, bado hajui kupita kona tatu mfululizo, na tayari anauliza kama ESC itabeba seli tatu. Ya nini? Nusu saa kutoka mjini Nyeri unafika ua wa umeme wa Aberdare, kilomita kama 400, uliokamilika 2009, na sehemu kubwa ya pesa zake ilichangwa na mashindano ya Rhino Charge. Hayo mashindano yamekuwepo tangu 1989, na mshindi si mwenye mbio. Wanapewa vituo 13 na saa 10, na anayevifikia vyote kwa kuendesha umbali mfupi zaidi ndiye anashinda. Mwenye injini ya kutisha akizunguka mlima kukwepa korongo, ameshindwa na yule aliyepita katikati polepole akichagua jiwe la kukanyaga. Hao ni watu wenye gari halisi na pesa halisi, na wamekubaliana kwamba mbio peke yake haina maana kwa nchi kama hii.

Ama muangalie Safari Rally ya 1974. Joginder Singh, mtu wa gereji, alishinda na Mitsubishi Lancer 1600, gari ndogo, mbele ya Porsche 911 ya Björn Waldegård. Porsche haikukosa nguvu. Safari ilikuwa ni nani amefika, na Joginder alikuwa ameshafika hivyo 1965 na Volvo ya mitumba, akarudi kushinda tena 1976. Huyo ndiye tungekuwa tunamuiga, badala ya kijana wa video anayerusha gari juu ya paa la shule na kukata kamera kabla haijatua.

Na hizo video, wacha niseme kwa sababu hii ndiyo kazi yangu na najua jikoni kunapikwa nini. Gari ikivunjika vibaya, video inatembea. Gari ikizunguka shamba dakika ishirini bila shida, hakuna anayetazama. Kwa hivyo anayekuonyesha mruko wa mita nne hana sababu ya kukuonyesha meza yake siku ya pili, ikiwa na vipande. Muuzaji mmoja alinitumia seti nzima ya alumini ya buluu bila malipo, nivae, nipige picha, niseme imebadilisha gari yangu. Nilifunga, nikaendesha, nikamwambia nitasema nilichokiona: gari imeongeza uzito kwenye kila kona nne, penye uzito unaumiza zaidi, na pini ya ndani imeanza kula tundu lake kwenye nyumba ya difu. Hakunijibu tena. Seti bado iko kwa droo yangu, inapendeza sana.

Si ati nachukia chuma. Kanuni yangu ni fupi: chuma ndani, plastiki nje. Shafti za kupeleka nguvu kwa magurudumu, gia za difu, hizo ziwe za chuma, kwa sababu zinabeba msokoto na hazikutani na ukuta. Kofia ya shoki ya alumini, sawa, ile ya plastiki inafyatuka na kumwaga mafuta. Kishikio cha mota cha alumini, sawa kabisa, kinabeba joto nje. Lakini mikono, bampa, habu za mbele, chochote kinachosalimiana na jiwe, kiwe nailoni. Na hiyo nailoni ukiinunua mpya, ichemshe. Siwatanii. Nailoni kavu ni ngumu lakini inakatika kama biskuti, ikinywa maji kidogo inakuwa na uwezo wa kupinda. Weka kwa sufuria ya maji ya moto nusu saa, iache ipoe humo humo. Sufuria kuukuu tafadhali, usiniletee mama yako kwa komenti.

Klachi ya kuteleza, kama gari yako iko nayo, ilegeze kidogo mpaka uisikie ikilia sentimita chache ukianza kukanyaga. Hiyo ndiyo bolti yako ya trekta. Halafu kidole: ukiruka, achilia mafuta kabla ya kutua. Magurudumu yanayozunguka mbio yakigusa ardhi ghafla yanasimamishwa na dunia nzima, na kinachosalimu amri ni difu. Pua ikianguka mbele hewani gusa mafuta kidogo itapanda, ikipanda sana gusa breki itashuka, halafu achilia. Hilo halinunuliwi popote.

Vumbi letu jekundu ndilo adui ambaye hakuna mtu wa ng'ambo atakuambia habari zake. Ni laini kama unga, linaingia kwa beringi, likikutana na maji linakuwa udongo wa mfinyanzi. Msipeleke gari kwa kaoshi wapigwe na ile mashine ya presha, inasukuma matope ndani badala ya kuyatoa. Acha ikauke, piga brashi ya viatu, kisha enda kwa mtu wa pancha. Ana kompresa, atakupulizia gari nzima kwa pesa ya chai, na yangu huwa ananipulizia bure kwa sababu anataka kuishika remoti. Beringi ikianza kulia, itoe, ioshe, tone moja la mafuta mepesi, rudisha. Tairi zikijaa maji ndani gari inayumba kama mlevi. Toboa tundu dogo katikati ya tairi lenyewe, ziba lile la rimu, maji yatatupwa nje yenyewe ukiendesha. Bodi ikipasuka, kipande cha ile neti ya kuziba nyufa za ukuta na gundi laini ya fundi viatu kwa ndani, lakini jaribu kwanza kwenye pembe isiyoonekana kwa sababu gundi zingine kali zinapasua ile plastiki. Na Julai kukiwa na baridi ya gathano, betri ikae mfukoni mwako mpaka dakika ya kuanza, na usiishushe chini ya volti 3 kwa seli. Ukimaliza iache kwa 3.8. Usichaji ukiwa umelala, hii ni LiPo, si tochi.

Mnajua mbona nimekasirika hivi? Kuna kijana wa Karatina, miaka kumi na saba, aliuza baiskeli yake akanunua 4WD ya mitumba. Alijifundisha kuunganisha nyaya kwa risasi mwenyewe. Alitengeneza bampa kutoka kwa jerikeni la mafuta ya kupika, akiipinda juu ya jiko, na ile bampa ilishinda ya kiwanda, niliiona. Ni mtoto wa kizazi kile kile kilichotengeneza magari ya waya na tairi za ndala, gari ikivunjika inapona kabla ya uji kupoa. Halafu akaomba ushauri kwa kundi letu. Mkamwambia aache utoto, anunue alumini. Akakopa. Leo nyumba ya difu imepasuka, pesa imeisha, na nilipomuuliza kwa simu alisema ameona hii kitu ni ya watu wenye pesa.

Mlimfukuza fundi. Kijana aliyekuwa tayari anajua kuchagua penye gari itavunjikia, mkamfundisha kuagiza. Mimi niliacha uhandisi chuoni mwaka wa pili, na kila nikiandika kitu kuna mtu ananikumbusha hiyo habari kama hoja. Sawa, kumbusheni. Lakini nguvu za pigo haziulizi cheti, na yule kijana hana cheti pia, na bampa yake ilishika.

Kwa hivyo nimemtumia nyumba ya difu kutoka kwa gari yangu ya zamani, na mikono minne ya nailoni, imechemshwa. Na kwa timu alumini nina ofa. Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, saa nane mchana, mtelemko ule wa murram juu ya Kamakwa. Dakika ishirini za saa, seli mbili kwa kila mtu, hakuna kurusha kwa paa. Ukivunja unaruhusiwa kutengeneza hapo hapo kwa chochote ulichobeba mfukoni. Anayezunguka mara nyingi zaidi ndiye ameshinda, na nitaweka video nzima bila kukata. Kijana wa Karatina anakuja. Mtu wa pancha amesema atafunga mapema.